Roadster ya Mazda: vua siti kwanza, redio ije mwisho

Mkuu, hongera kwa gari. Umeuliza uanzie wapi kupendezesha ndani ya Roadster yako ya 2000, ile Mazda ndogo ya siti mbili na paa la turubai linalofunguka, kwa mikono yako mwenyewe, una laki tano, na moyo wako uko kwenye siti za ngozi nyekundu na redio ya skrini kubwa. Mimi ninayo ya 1999, injini ya 1600, gia tano za mkono, huu ni mwaka wa sita niko nayo hapa Dar. Hayo yote nimeyapitia, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Mwezi huu usinunue siti wala redio. Vua siti ulizonazo.

Kila siti imeshikwa na bolti nne, spana namba 14. Ukiona waya chini yake, chomoa plagi kabla hujaivuta. Siti ikishatoka, weka kiganja kwenye kapeti kule nyuma, usawa wa mgongo wa dereva, ukandamize kwa nguvu. Juu patakuwa pakavu, lakini chini ya kapeti kuna sponji nene inayokunywa maji na kuyashika siku nyingi, na bati la sakafu linaoza huku wewe huoni kitu. Mimi masika ya kwanza nilisikia harufu ya uvundo nikadhani ni gari kukaa muda mrefu bandarini. Nikatundika manukato. Nilipokuja kukandamiza kapeti, maji yalinijaa katikati ya vidole.

Maji hayo yanatoka kwenye paa. Turubai linapoishia nyuma kuna mfereji unaokusanya maji na kuyapeleka pembe mbili, kushoto na kulia. Kutoka pale yanashuka kwa mirija na kumwagika chini ya gari, mbele kidogo ya matairi ya nyuma. Gari yangu inalala chini ya mwarobaini. Vile vijani vyembamba vya mwarobaini vikichanganyika na vumbi vinakuwa kama udongo wa mfinyanzi, mrija unaziba, maji yanafurika ndani. Usizibue kwa waya wa chuma, utatoboa mrija na tatizo litakuwa kubwa kuliko ulivyolikuta. Mimi natumia ile kamba nene ya nailoni ya mashine ya kukatia majani: inapinda inapotakiwa kupinda. Halafu mimina maji kikombe kimoja kimoja, polepole, na mtu achungulie chini. Pande zote mbili zikitiririka vizuri, toa kapeti, anika sponji juani mpaka ikauke kabisa, kwangua kutu, piga rangi ya kuzuia kutu. Kazi hii imenigharimu karibu bure, na hakuna nilichofanya ndani ya gari hii kilichoisaidia zaidi.

La pili ni joto. Bila shaka umeshaona kwamba ukikaa kwenye foleni ya Mandela, pale kwenye gia panachoma mkono, na mlio wa gia boksi unapanda mpaka ndani. Wengi wanasema ndivyo gari hizi zilivyo. Sivyo zilivyotoka kiwandani. Kwenye liva ya gia kuna mpira wa juu, mpana, unaoziba tundu la sakafu, na mpira mdogo wa chini unaoshika liva yenyewe. Baada ya miaka zaidi ya ishirini, ule wa chini karibu kila gari umechanika. Nobu ya gia inazungushwa tu inatoka, nyuzi zake ni za milimita 10 kwa 1.25 (kumbuka namba hiyo ukitaka kununua nobu nyingine). Toa konsoli ya katikati, fungua mpira wa juu, utauona wa chini. Wangu ulikuwa umepasuka duara zima, nikauinua kwa vidole viwili kama ganda la ndizi.

Mle liva inamoingia kuna kikombe chenye oili yake, mbali na oili ya gia boksi. Watu hubadilisha oili ya gia boksi wakasahau kabisa hiki. Changu kilikuwa na tope jeusi kidogo tu. Nikalinyonya kwa bomba la sindano, nikafuta kwa kitambaa, nikaweka bushi (kifuniko kidogo cha kuzuia liva isicheze) mpya ya nailoni kwenye ncha ya liva, mipira miwili mipya, na oili ya gia 75W-90, haifiki hata mililita 100. Mipira niliagiza, ilichukua wiki tatu. Siku niliyoiwasha nilikaa kwanza nikisikiliza. Gia ya pili, iliyokuwa ikiingia kwa kubembelezwa, iliingia kwa kidole. Na pale konsoli hapachomi tena. Ukiwa bado umevua kapeti, bandika zile shiti za lami zenye foili kwenye handaki la gia boksi (lile tuta la bati katikati ya siti mbili) na sehemu ya miguu. Usijaze gari nzima, uzuri wa gari hii ni wepesi wake.

Sasa siti. Mimi ni mrefu, futi sita na inchi moja, na paa likifungwa kichwa kilikuwa kinagusa turubai. Badala ya kununua siti nyingine, nilifungua kava ya kukalia, imeshikwa na pete za waya kwa chini, nikapunguza sponji kwa kisu kirefu chenye meno, sentimita mbili na nusu, nikiacha kingo za pembeni zilivyo ili zinishike kwenye kona. Kata kidogo, kalia, kata tena, maana sponji iliyokatwa hairudi. Kava nikampelekea fundi wa viti Kariakoo anishonee upya: ngozi pembeni, kitambaa katikati. Hiyo ngozi nyekundu unayoitaka, ishone pembeni tu. Gari ya paa wazi ikiachwa juani saa saba mchana, ngozi ya kukalia inaunguza mapaja kweli kweli.

Redio. Ya Japani inaishia 90 MHz na stesheni zetu zinakwenda mpaka 108, kwa hiyo ni kweli utataka kubadilisha. Chukua ndogo yenye Bluetooth na vitufe vya kubonyeza. Skrini kubwa ukiwa umefungua paa huioni, jua linaipiga moja kwa moja. Na umwambie fundi atumie plagi ya kuunganishia, asikate waya hata mmoja. Mimi wangu alikata zote akazungushia selotepu, baada ya miezi taa za dashibodi zikaanza kuzimika kwenye matuta, nikatumia Jumapili mbili kuunga waya mmoja mmoja kwa risasi.

Usukani niliuacha. Una eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka ukigonga), na sijaona sababu ya kuitoa eabegi kwenye gari ndogo namna hii ili nipate usukani mzuri wa kutazama. Plagi yoyote ya njano utakayokutana nayo chini ya dashi ni ya eabegi, usiiguse. Kabla ya kazi yoyote ya umeme toa waya wa hasi wa betri, na betri iko kwenye buti upande wa kulia, usiitafute chini ya boneti.

Pete za alumini za matundu ya upepo zinapendeza sana, ila gundi ya pande mbili inayokuja nazo haivumilii joto letu. Tumia silikoni kidogo.

Ukishamimina maji, niambie upande upi haukutiririka, na uweke picha ya ule mpira wa chini kabla hujaagiza, kwa sababu kama gari yako ni ya gia sita nitataka kuuona kwanza.