Msiuzungushie ukuta uwanja wa mtaa

Mleta mada, umesema mtaa wenu umebakiwa na eneo moja la wazi, limejaa vumbi na takataka, na kamati inataka kulijengea ukuta mrefu, kulitandika vitofali lote na kufunga geti ikifika jioni. Unauliza kama hapo mtakuwa mmepata bustani. Nimekaa miaka mingi kwenye kamati ya bustani ya mtaa wetu, na tulianza na kiwanja cha aina hiyohiyo, kwa hiyo nivumilie nikieleza kwa kirefu. Kwa kifupi, hapana. Huo ukuta utaiua bustani kabla haijaota.

Kinachomtisha mwenye nia mbaya ni kujua kwamba anaonekana. Jane Jacobs, Mmarekani aliyeandika juu ya maisha ya miji mwaka 1961, alilishikilia sana jambo hili: macho ya wakazi na wapita njia ndiyo yanayolinda mtaa, na bustani isiyo na watu ndiyo inayotisha. Mkipandisha ukuta, mzazi aliye dirishani haoni tena mwanawe anachezea wapi, na anayepita njiani hajui nani yumo ndani. Kwetu, pande zinazotazamana na milango na madirisha hazijawahi kutusumbua. Taabu yote ilikuwa upande unaopakana na migongo ya nyumba, kuta tupu zisizo na hata dirisha moja. Huko ndiko tulikokuwa tunaokota chupa kila asubuhi. Tukapunguza vichaka visizidi kiuno, tukapogoa matawi ya chini ya miti mpaka mtu mrefu apite bila kuinama, tukaleta taa na mabenchi yenye egemeo. Wazee wakaanza kukaa pale jioni na chupa zikaisha. Uzio wekeni upande wa barabara ya magari tu, uwe mfupi na wa kuona ng'ambo, mtoto asije akaukimbilia mpira barabarani.

Vitofali navyo tandikeni kwenye njia, basi. Udongo wenye mimea hunywa maji ya mvua. Ukishaufunika wote, maji yanawashukia walio bondeni. Tena vitofali hunyonya joto mchana kutwa na kulitoa usiku, ilhali mti hupoza kwa kivuli chake na kwa maji yanayotoka majanini.

Kabla ya kuchora hizo njia, angalieni kwanza miguu ya watu inapita wapi. Mchoraji wetu alitaka njia ya kuzunguka pembeni, yenye kona za mraba. Wanafunzi walikuwa wameshakata mshazari kutoka kona hadi kona, na ule mstari ulikuwa umeshindiliwa mpaka unang'aa, upana wa watu wawili wanaopishana. Ulipokutana na mti ulijigawa kushoto na kulia, kisha ukaungana tena mbele. Nilisimama kidete tuufuate ulivyo, pamoja na huo mgawanyiko, na tukaufuata. Nyasi za pande zote mbili zimerudi zenyewe.

Sasa miti. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu siku ya kupanda kuna watu na picha, na wiki ya tatu hakuna wa kumwagilia. Afadhali mpande michache mnayoweza kuitunza miaka miwili au mitatu ya mwanzo. Shimo liwe pana, mara mbili au tatu ya donge la mizizi, lakini kina chake kisizidi donge lenyewe. Kuna mkandarasi aliyetupandia miche kwa kina mno. Ilisimama kama nguzo, shina limeingia ardhini moja kwa moja. Pale shina linapotanuka kuwa mizizi panatakiwa paonekane juu ya udongo. Pakifukiwa, gome linakaa na unyevu na kuoza, na mizizi inakosa hewa. Mti unaweza kuchukua miaka ndipo ufe, wakati huo aliyeupanda hayupo. Wekeni matandazo ya majani makavu au vipande vya mbao, sentimita 5 hadi 10, yasiguse shina. Mwagilieni maji mengi mara chache, badala ya kidogokidogo kila siku, ili mizizi iende chini.

Na msipande aina moja tu hata kama inapendeza ikipangwa mstari. Miji mingi ya Marekani ilipanda miti iitwayo mielmu barabara nzima, ukaja ugonjwa mmoja wa kuvu, mitaa ikabaki wazi. Mwaka 1990 Frank Santamour, mtaalamu wa miti wa Marekani, alipendekeza spishi moja isizidi asilimia 10 ya miti yote. Kwa mtaa mdogo si lazima mfuate hesabu hiyo kwa usahihi, ila changanyeni.

Jambo ambalo kamati nyingi hazilifikirii kabisa ni wasichana. Mji wa Vienna, Austria, uligundua miaka ya 1990 kwamba wakifika umri wa miaka kama kumi wasichana wanaacha kuja bustanini, wavulana wanabaki. Wakaibadili bustani moja ya huko, Einsiedlerpark: wakagawanya uwanja katika sehemu ndogondogo na kuongeza michezo mingine zaidi ya mpira wa miguu, na wasichana wakarudi. Nimeliona hili kwa macho yangu: uwanja mmoja mkubwa katikati hutekwa na kundi moja, wengine wote husimama pembeni.

Ila kabla ya yote hayo, nendeni mkatazame ramani ya upimaji iliyosajiliwa. Kama eneo halijaandikwa kuwa la umma, mnapamba kiwanja cha mtu. Hata lililoandikwa hulindwa na watu: mwaka 1989 Uhuru Park ya Nairobi ilipangiwa jengo la ghorofa 60, na Wangari Maathai akapinga hadharani mpaka mpango ukaachwa.

Umeuliza pia kama eneo lenu ni dogo mno. Ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani inapendekeza eneo la kijani la nusu hekta hadi hekta moja ndani ya mita 300 kutoka nyumbani. La kwenu likipungua hapo bado linafaa. Kivuli na benchi havihitaji hekta. Mbwa wafungwe kamba, na pipa la taka liwe kwenye kila mlango wa kuingilia. Kuhusu geti, fedha ya mlinzi wa kulifunga mlipeni mtunza bustani.