Andiko lina miezi minane, simu hawapokei

Mwezi huu barua karibu zote ni za asasi na vikundi vinavyohangaika na faundesheni, yaani taasisi za kutoa misaada, za makampuni, mabenki, mitandao ya simu, migodi. Nimechagua nne. Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi kabla ya kuandika hapa nilikaa miaka sita nikisoma maandiko ya kuomba ufadhili kwenye faundesheni ya kampuni moja hapa Dar, kwa hiyo ninayosema mengi nimeyaona nikiwa upande ule wa meza, na mengine niliyafanya mwenyewe na sijivunii.

SWALI: Shikamoo Anti. Sisi ni asasi ndogo Tanga, tunahudumia watoto viziwi, usajili wa NGO tunao tangu 2016. Mwezi wa tatu tulipeleka andiko kwenye faundesheni ya benki moja kubwa, kurasa 34, tukiomba milioni 48 za darasa, vifaa na mafunzo ya lugha ya alama kwa wazazi. Tukagongewa mhuri wa kupokelewa, basi. Ni miezi minane sasa, ukipiga simu mapokezi wanakwambia liko kwenye mchakato. Alafu juzi tunaona Instagram benki hiyohiyo imetoa madawati shule ya jirani yetu kabisa, na mwalimu mkuu ananiambia yeye alipeleka barua ya ukurasa mmoja kwa meneja wa tawi! Hivi hii ni rushwa au sisi ndo hatujui kuandika? *Katibu aliyechoka, Tanga*

JIBU: Marahaba mwanangu, pole. Rushwa sidhani, huyo mwalimu mkuu alipita mlango wake na wewe ukapita mlango ambao siyo wako.

Iko hivi. Mabenki makubwa mara nyingi yana mifuko miwili na watu wa nje tunaiona kama mmoja. Kuna hela ya kurudisha kwa jamii, madawati, mabati, vitanda vya hospitali, NMB kwa mfano wanasema wazi kwamba wanatenga asilimia 1 ya faida baada ya kodi kwa mambo hayo, na maombi ya namna hiyo yanaanzia tawini au kanda. Alafu kuna faundesheni yenyewe ambayo ina programu zake zilizokwishapangwa, kama CRDB Bank Foundation na ile Imbeju yao ya mitaji ya vijana na wanawake. Sasa wewe ukipeleka darasa la watoto viziwi kwenye mfuko uliotengwa kwa biashara changa, hata uandike kama malaika, yule afisa hana kifungu cha kulichomeka. Na hatakwambia hapana, kwa sababu hapana inataka barua na barua inataka saini ya bosi. Atakukaushia. Mimi nimewakaushia watu wengi tu, kabati letu la chini lilikuwa limejaa hayo maandiko na siku tulipohama ofisi yalibebwa kwenye maboksi ya A4 bila kufunguliwa.

Ila kuna la pili na hili ni lenu. Ulinitumia andiko nikalisoma lote, Jumapili nzima. Kurasa 11 za kwanza ni historia ya asasi, maono, dhima na malengo ya maendeleo endelevu ya dunia, bajeti nimeikuta ukurasa wa 31. Mwanangu, msomaji wa maandiko anaanza na bajeti. Nilikuwa nafungua nyuma kwanza, na nikifungua ya kwenu naona hivi: darasa 21,500,000, vifaa 7,300,000, mafunzo ya wazazi hotelini 9,800,000, posho za vikao vya bodi 6,400,000, mengineyo 3,000,000. Darasa na vifaa ni 28,800,000. Zilizobaki, asilimia 40 kamili, ni hoteli, posho na mengineyo. Hapohapo nimeshakuweka pembeni na sijafika hata kwenye watoto.

Na najua hamkuwa na nia mbaya. Najua ile 6,400,000 siyo posho, ni mshahara wa mwalimu wenu ambao mmeuficha kwenye posho kwa sababu mtu kawaambia makampuni hayalipi mishahara. Ni kweli wengi hawapendi kuona neno mshahara. Lakini mngeandika "mwalimu wa lugha ya alama, siku 3 kwa wiki, miezi 10, kwa watoto 26" hiyo tayari ni kazi ya mradi, mtu anaiona, inapita. Bodi kula milioni sita ndo haipiti. Hilo neno mengineyo lifute kabisa kwenye maisha yako. Mafunzo ya wazazi yarudisheni shuleni, mpike chai na maandazi, mzazi wa Pongwe hahitaji ukumbi wenye kiyoyozi ili ajifunze kumwambia mwanawe "njoo ule" kwa mikono. Na darasa la milioni 21 bila BOQ, yaani mchanganuo wa vifaa na gharama za ujenzi, ya injinia wa halmashauri ni namba ya kubuni tu, hata kama ni sahihi.

Kuhusu muda: mabenki yanafunga mwaka Desemba, kwa hiyo mipango ya mwaka unaofuata inaanza kupikwa kama Septemba hivi, mwezi wa tatu hela imeshagawiwa. Makampuni ya simu kama Vodacom yanafunga Machi 31, ukiwapelekea Machi utawakuta wanahangaika na ripoti zao.

Kitu kingine kinachotokea nyuma ya pazia ni kodi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, kifungu cha 16, inairuhusu kampuni kupunguza mchango iliyoutoa kwenye mapato yanayopigiwa kodi, mwisho asilimia 2 ya mapato ya biashara, lakini mchango uende kwa taasisi ya hisani au mradi wa maendeleo ya jamii. Watu wanadhani cheti cha NGO ndo hisani. Siyo. Hisani unaiomba mwenyewe TRA, mamlaka ya mapato, Kamishna akutambue, na asasi ndogo chache sana wanayo. Mhasibu wa kampuni akiwa na maandiko mawili yanayofanana, moja lina hiyo barua ya TRA na lingine halina, unadhani anachukua lipi? Anzeni kuifuatilia sasa hivi, inachukua muda wake. Na mkumbuke hata kama milioni 48 zingetoka, kanuni za NGO za 2018 zilileta utaratibu kwamba mkataba unaozidi milioni 20 unapelekwa Hazina na kwa Msajili wa NGO ndani ya siku 10, faundesheni makini inauliza kama mnalijua hilo, na kwenye andiko lenu halipo popote.

Nenda kwa meneja wa tawi na ukurasa mmoja, omba vifaa tu, hiyo 7,300,000 na profoma tatu, yaani hati za bei kutoka maduka matatu. Darasa lisubiri.

SWALI: Anti kuna kijana hapa Morogoro anasema ana mtu wake ndani ya faundesheni ya kampuni moja ya simu, anataka laki 5 ya kuandika andiko na hela ikitoka tumpe asilimia 10. Ametuonyesha na maandiko aliyopitisha. Wenzangu kwenye kikundi wameshachanga. *Mweka hazina*

JIBU: Rudisheni michango ya watu. Kumlipa mtu akuandikie siyo dhambi, mpe hata hiyo laki 5 kama anaandika vizuri na muelewane kabla. Shida ni ile asilimia 10, mwambie akuonyeshe inaandikwa mstari gani kwenye bajeti. Haina mstari. Kwa hiyo ili umlipe utatafuta risiti za uongo, na wewe mweka hazina ndo jina lako litakuwa chini ya hizo risiti, yeye atakuwa ameshabadilisha laini. Na "mtu wa ndani" nimeshatajwa mimi mwenyewe kuwa mtu wa ndani wa vijana nisiowajua hata sura.

SWALI: Shikamoo mama. Sisi vijana tunaishi karibu na mgodi huku Kanda ya Ziwa, vumbi tunakula sisi, nyumba zinapata nyufa za kwetu, lakini tukiomba ufadhili wa mradi wetu wa miche na mizinga ya nyuki ofisi ya mahusiano ya mgodi inatuambia nendeni halmashauri. Tukienda halmashauri wanasema nendeni mgodini. Tumezungushwa mwaka mzima. *Kikundi cha vijana 14*

JIBU: Marahaba wanangu. Hapa mgodi haujawadanganya, ila ungeweza kuwaeleza vizuri zaidi badala ya kuwafukuza na sentensi moja getini. Tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017, kifungu cha 105, mwenye leseni anatakiwa kila mwaka aandae mpango wa anachowarudishia wananchi na akubaliane na halmashauri. Maana yake hela ikishaingia kwenye ule mpango, afisa mahusiano hana ubavu wa kuichomoa awape nyie, na isipoingia haipo.

Kwa hiyo pambano lenu liko mapema kuliko mnavyofikiria, liko kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mizinga ya nyuki iingie kwenye vipaumbele vya kijiji, iandikwe kwenye muhtasari, muhtasari ugongwe mhuri, uende Kamati ya Maendeleo ya Kata, ndo ufike halmashauri kabla hawajakaa na mgodi. Mkienda baada ya hapo mtakuta zimeandikwa zahanati na madarasa, tena siyo kwa ubaya, ni kwamba diwani alikuwepo na nyie hamkuwepo. Vijana 14 mkihudhuria mkutano wa kijiji mkakaa mbele, mkutano mzima unawaona, mikutano yenyewe siku hizi watu wanakuja wachache. Muhtasari mwombeni mtendaji nakala siku ileile, msikubali "njooni wiki ijayo".

Na ile asilimia 10 ya mapato ambayo halmashauri inatenga kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ni mkopo, unarudishwa, msije mkaichanganya na ruzuku mkajikuta mnadaiwa na nyuki hawajaingia mzingani.

SWALI: Habari shangazi. Sisi ni CBO, kikundi cha kijamii, ya akina mama Kilifi. Wakfu wa kampuni fulani ulitupa tanki la maji la lita 10,000, tulishukuru sana, wakaja na fulana na mabango, picha zikapigwa tukiwa tumeshika hundi kubwa ya karatasi ngumu. Lakini pesa yenyewe hatukuishika, walilipa duka moja kwa moja. Gata za kupitisha maji ya mvua kutoka kwa paa hazikununuliwa, kwa hivyo mvua za Aprili zimepita tanki likiwa kavu. Sasa wanataka ripoti ya ni watu wangapi wanakunywa maji hayo. Mwenyekiti anasema tuandike familia 200 tusiwaudhi. Pia tunaambiwa tujisajili NGO ndio tupate pesa kubwa. *Mama wa Kilifi*

JIBU: Salama mamangu, habari ya huko. Nianze na la mwisho maana ni fupi: cheti kikubwa hakileti hela. Huko Kenya vikundi viko chini ya sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya 2022, na NGO zimehamia sheria ya mashirika ya manufaa ya umma iliyoanza kutumika 14 Mei 2024, ambayo ina ripoti zake na hesabu zake za kila mwaka. Nyie tanki mmelipata mkiwa CBO, sasa haraka ya nini?

Kulipa duka moja kwa moja ni kawaida, kampuni nyingi zinapenda hivyo, na kwa kikundi kidogo ni nafuu kwa sababu hamna risiti za kugombania. Ubaya wake ni kwamba kisichoandikwa kwenye orodha hakinunuliwi na nyie hamna hata senti ya kuzibia. Mliandika "tanki", wakanunua tanki. Mimi niliwahi kupitisha pampu ya sola ya kisima, kila kitu kipo, siku ya uzinduzi meneja wetu mkuu anafungua bomba mbele ya kamera hakitoki kitu, kumbe mita 60 za bomba la kutoka kisimani zilikuwa hazijaandikwa popote, na mimi ndo nilisaini. Tangu hapo nikawa nauliza kila mwombaji anitembeze njia ya maji yote kwa mdomo, kutoka yanakoanzia mpaka kwenye ndoo.

Familia 200 msiandike. Mwaka huu zitawafurahisha, mwaka ujao watatuma mtu wa kuwapiga picha hao 200. Andikeni sifuri, na sababu, na bei: mita ngapi za gata, vishikio vingapi, koki, siku mbili za fundi. Ukilinganisha na bei ya tanki ni hela ndogo, na yule afisa anataka kuziona zinatoka kwa sababu tanki kavu ni aibu yake kwa bosi wake kuliko ilivyo yenu. Tumeni mapema, mvua za vuli zisiwapite nazo. Ukipata bei nitumie nami niipitie kwanza, na mpige picha tanki kifuniko kikiwa wazi, ndani kuonekane.