Brashi ya kunyolea: manyoya ya baja, nyuzi za kiwandani na maji yetu ya Tanga

Mwenye ndevu za kipilipili anaijua adha ya vipele. Unanyoa usiku, asubuhi shingo inawasha, ukikuna vinabaki madoa meusi. Nywele zetu zimejikunja, na ukizikata chini sana ncha kali inarudi kuchoma ngozi yako mwenyewe. Povu la kupaka kwa kiganja huzilaza nywele. Brashi huzisimamisha na kuziingizia maji hadi zilainike, na wembe ukipita mara moja unatosha. Siidai kuwa ni dawa. Ambaye shingo yake imeharibika aache ndevu ziote kwanza, na aende kwa daktari wa ngozi. Ila mimi shingo yangu imetulia kwa sababu ya brashi, wala si kwa wembe wa makali matano.

Vijana wa hapa Ngamiani wakiniuliza wanunue ipi, swali langu la kwanza huwa: unajua manyoya yake yametoka wapi? Brashi nyingi za bei ya chini ni za nguruwe. Nyingine hupakwa rangi, mstari mweusi katikati na ncha nyeupe, zifanane na za mnyama aitwaye baja, ambazo ni ghali. Ukiishika utaitambua: unywele wake mnene na mgumu, na ukiutazama kwenye mwanga ncha imechanika vipande viwili vitatu. Kwa Muislamu hapo hakuna mjadala, arudishe dukani.

Baja ni mnyama wa jamii moja na nyegere wetu, ila huyu wa brashi si wa Afrika. Manyoya karibu yote yanayotumika hutoka Uchina. Uingereza, ambako ufundi wa brashi hizi una sifa ya miaka mingi, baja wa kwao analindwa kwa sheria ya mwaka 1992, kwa hiyo hata brashi iliyotengenezwa huko manyoya yake yameagizwa. Kilichoyapa sifa ni kwamba hushika maji mengi, na kila unywele huchongoka wenyewe kuelekea nchani. Ndiyo maana fundi mzuri hakati ncha kwa mkasi. Huyapanga manyoya ndani ya kikombe chenye umbo la kuba, huyafunga upande wa shina, kisha ndipo huyatia gundi. Zile za haraka hupunguzwa kwa mkasi zipate umbo, ncha zinabaki butu, na utazisikia zinachoma shavuni. Kabla hujalipa, pitisha ncha kavu juu ya mkono upande wa ndani, mahali ngozi ni laini. Ikikuchoma hapo, usoni itakuwa balaa.

Kwenye boksi utaona maneno Pure, Best, Super au Silvertip. Kwa kawaida hiyo ya kwanza ni manyoya ya kawaida, meusi na magumu kidogo, na ya mwisho ni ncha nyeupe laini kabisa, ghali kuliko zote. Lakini hakuna chombo kinachosimamia majina hayo. Kila mtengenezaji anajipimia, kwa hiyo amini mkono wako kuliko boksi. Kwa ukubwa, kifundo, yaani fungu la manyoya pale linapoingia kwenye mpini, cha upana wa milimita 22 hadi 24 kinamtosha mtu wa kawaida. Anayenyoa kidevu tu achukue kifundo chembamba kuliko hicho.

Sasa niseme la moyoni. Wengi wetu hapa pwani ni Washafi, na katika madhehebu yetu manyoya ya mnyama asiyechinjwa kisheria ni najisi. Hilo mkae nalo na shekhe wenu kabla ya kutoa pesa. Ninayoitumia mimi kila siku, na ninayoipendekeza kwa vijana, ni ya nyuzi laini za kiwandani. Za zamani zilikuwa ngumu na hazishiki maji. Za siku hizi zimechongoka nchani, hazina harufu ya mnyama, zinakauka upesi, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya baja. (Kuna wanaoniuliza mbona tusitengeneze za mkonge, nasi ndio wenye mkonge tangu 1893. Uzi wa mkonge ni wa kamba na wa kusugulia sakafu. Usoni utakuchuna.)

Jambo moja sitaacha kulisema: usinunue brashi kuukuu ya mitumba, hata mpini uwe mzuri vipi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza askari wa Uingereza na wa Marekani walipata kimeta kutokana na brashi za manyoya ya farasi yaliyokuwa hayakusafishwa ipasavyo. Vijidudu vya kimeta huishi miaka na miaka vikiwa vikavu.

Maji nayo yana neno lake. Kwa maji ya bomba, yale ya mto Zigi kutoka bwawa la Mabayani, povu langu hupanda bila taabu. Shida ni visima. Tanga imekaa juu ya chokaa, hayo mapango ya Amboni na kiwanda cha saruji cha Pongwe ni ushahidi, na maji ya visima vingi ni magumu. Sabuni haitoi povu, inatoa utando mweupe unaoganda kwenye shina la manyoya. Kama kwako ni kisima, kinga ndoo ya maji ya mvua kwa ajili ya uso tu.

Brashi ya baja iloweke kwenye maji ya vuguvugu wakati unaoga. Maji yaliyochemka huunguza manyoya na kulegeza gundi. Ya nyuzi za kiwandani haihitaji kulowekwa, ilowanishe tu. Ikung'ute mpaka iache kuchuruzika, kisha izungushe juu ya sabuni ya kunyolea kwa nusu dakika hivi. Si sabuni ya mche, hiyo ni ya nguo na itakukausha ngozi. Mwanzoni utaona mapovu makubwa makubwa. Usipake bado. Endelea mpaka uji mzito ushike kwenye ncha, ndipo uhamie usoni, na hapo uongeze maji matone machache machache. Povu likiwa tayari linang'aa kama mtindi na halina tundu hata moja. Zungusha kwa wepesi, ncha tu ndizo zifanye kazi. Ukiikandamiza hadi manyoya yalale pande zote, yatakatikia katikati ya kifundo.

Ukimaliza, suuza mpaka maji yatoke safi bila povu, kamua kwa kiganja bila kusokota, kung'uta mara kadhaa, kisha iweke penye upepo. Isimame au ining'inie, vyote sawa. Kinachoiua brashi hapa kwetu ni unyevu. Masika, Machi hadi Mei, ukiiacha bafuni au ukaifungia kwenye kopo utakuta madoa meusi ya ukungu kwenye shina. Mwenye uwezo awe na mbili azipokezane. Utando wa chokaa ukianza, changanya siki kidogo kwenye maji mengi, loweka ncha dakika chache, suuza vizuri.

Mpya ikipukutisha nywele chache siku za mwanzo usishtuke. Ikiendelea baada ya mwezi, gundi ni mbovu, mrudishie muuzaji. Na brashi haiazimwi, hata kwa mdogo wako wa tumbo moja, maana wembe huchubua na damu kidogo tu hupitisha homa ya ini. Ukienda saluni nenda na yako mfukoni. Mwambie kinyozi, "Kaka, tumia hii," na akimaliza ioshe wewe mwenyewe.