Kabla Hujanunua Betri Nyingine: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Umeme wa Trela la Kulala

Barua za safari hii zimetoka Kigoma na Tabora, kwa wasomaji wanaovuta matrela yenye vitanda, friji na taa kwa ajili ya kazi au matembezi. Nimeanza na ile inayohusu umeme wa nyumbani, kwa kuwa jibu lake haliwezi kusubiri toleo lijalo.

Swali: *Ndugu mhariri, ninaishi Kigoma mjini na trela langu huwa nimeliegesha uani. Ninapotaka kupoza friji kabla ya safari huvuta umeme wa nyumbani kwa ekstensheni. Tangu mvua zianze, mtu akigusa kitasa cha mlango wa trela akiwa peku hupigwa na umeme kidogo, kama anatekenywa. Fundi wa mtaani alinishauri nikate waya wa ethi kwenye plagi, na kweli nilipoukata mtekenyo ukapungua. Je, tatizo limekwisha?*

Jibu: Halijakwisha, na hali uliyo nayo sasa ni ya hatari zaidi kuliko ile ya mwanzo. Vaa viatu vikavu, zima swichi kuu ya nyumba, chomoa ekstensheni, kisha usiirudishe mpaka mambo nitakayoyataja hapa yawe yamefanyika.

Trela limekaa juu ya matairi ya mpira, hivyo bodi yake ya chuma haina njia ya uhakika ya kufika ardhini isipokuwa kwa waya wa ethi. Waya ukiwa mzima na kukatokea kifaa kinachovujisha umeme kwenye bodi, umeme huo hupita kwenye ethi na kifaa cha ulinzi hukata. Waya ukikatwa, bodi nzima inaweza kukaa na volti 230 bila dalili yoyote, hadi atokee mtoto aliyesimama kwenye tope na kushika kitasa. Mtekenyo mdogo wa leo unatokana tu na njia ya umeme kuwa bado nyembamba, na mvua moja kubwa yaweza kuipanua.

Hata hivyo, jaribio lenu limetoa habari moja yenye manufaa. Kama mtekenyo ulipungua baada ya ethi kukatwa, inaelekea sehemu ya umeme ule ilikuwa inatoka nyumbani na kuingia kwenye trela kupitia waya huohuo wa ethi. Maana yake ni kwamba nondo ya ethi ya nyumba haishiki ardhi ipasavyo, au waya wake umekatika au kulegea mahali fulani, na uvujaji wa kifaa kingine cha humo ndani, labda hita au pasi, unatafuta pa kutokea. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, aipime nondo hiyo kwa kipimo chake maalumu. Kuitazama kwa macho hakutoshi.

Kwa upande wa trela, rudisha waya wa ethi, na uhakikishe kwamba ekstensheni yenyewe ina nyaya tatu, kwa maana nyingi zinazouzwa kwa bei rahisi zina mbili tu ndani ya plagi yenye miguu mitatu. Kisha, plagi ikiwa imechomolewa kabisa, weka multimita kwenye kipimo cha omu, ncha moja kwenye mguu wa ethi wa plagi na nyingine kwenye boliti ya chasisi iliyokwanguliwa rangi. Isome chini ya omu 1. Mwisho, funga ndani ya trela sakiti breka ya kuhisi uvujaji, ile yenye kitufe cha kujaribia, inayokata kwa miliampea 30. Bonyeza kitufe hicho kila mwezi; isipokata, ibadilishe.

Swali: *Fundi, shikamoo. Ninapeleka wageni kutoka Kigoma kupitia Uvinza hadi Katavi, na trela langu nililinunua likiwa limetumika. Lina friji ya kompresa ya volti 12. Jioni nikipima betri inasoma 12.5, lakini kabla ya usiku wa manane friji inazimika na taa yake nyekundu inapepesa. Nilibadilisha betri, mambo yakabaki yaleyale. Sasa muuzaji anasema nichukue kubwa zaidi. Kitu kingine: kompresa ikianza kazi, taa za ndani hufifia kwa muda. Nifanyeje?*

Jibu: Marahaba. Usinunue chochote kwanza. Betri mbili tofauti zikionyesha dalili ileile, ni haki kuziachia betri na kushuku njia inayotoka kwenye betri kwenda kwenye friji. Nasikitika kusema kwamba hapa ndipo wasomaji wengi hupoteza fedha, kwa kuwa betri ni kitu kinachoonekana na kinachouzwa, ilhali waya uliooza umejificha nyuma ya mbao.

Kipimo chako cha 12.5 ulikichukua wakati hakuna kinachofanya kazi, tena kwenye betri yenyewe. Hicho kinaeleza tu kiasi cha chaji kilichomo. Betri ya asidi iliyopumzika saa kadhaa husoma takriban 12.7 ikiwa imejaa, 12.2 ikiwa nusu, na ikifika 11.8 haina kitu cha maana. Friji haioni namba hiyo. Inaona volti zinazoifikia kwenye plagi yake wakati kompresa inazunguka, na friji nyingi za aina hii zina ulinzi unaoizima volti zikishuka chini ya kiwango kilichopangwa ili betri isiharibike. Kwa hiyo betri yaweza kuwa na nguvu za kutosha huku friji ikiamini kwamba imekwisha.

Fanya hivi. Acha friji ifanye kazi, hakikisha kompresa inanguruma, kisha pima volti kwenye vichwa vya betri na papo hapo pima kwenye soketi ya friji. Tuseme betri inasoma 12.4 na soketi inasoma 11.2. Volti 1.2 zimepotea njiani. Kompresa ya friji ndogo huvuta kama ampea 5, na ukizidisha ampea 5 kwa volti 1.2 unapata wati 6, ambazo zote zinageuka joto mahali fulani ndani ya trela lako. Wati 6 zikikusanyika kwenye kiungo kimoja zinatosha kukifanya kiwe cha moto kwa kidole, na mara nyingi mkono ndio unaogundua ubovu kabla ya mita.

Sasa tafuta ni wapi. Ncha nyekundu ya mita iweke kwenye kichwa chanya cha betri na nyeusi kwenye ncha chanya ya soketi, friji ikiendelea kuzunguka. Namba utakayoiona ni volti zinazopotea upande wa chanya peke yake. Rudia kwa upande wa hasi, betri hadi soketi. Upande wenye namba kubwa ndio wa kuufuata: sogeza ncha moja ya mita kiungo kwa kiungo, yaani kabla ya fyuzi na baada ya fyuzi, kabla ya swichi na baada yake, hadi uone namba inaruka ghafla. Hapo ndipo penye ugonjwa.

Si volti zote zitakuwa zimepotea kwenye kiungo kibovu. Matrela mengi yametandikwa waya wa milimita za mraba 2.5, nao una kizuizi cha karibu miliomu 7 kwa kila mita. Ikiwa friji iko mita 6 kutoka kwenye betri, umeme unakwenda na kurudi, hivyo ni mita 12, na kwa ampea 5 waya peke yake unameza kama volti 0.4 hata ukiwa mpya kabisa. Ukitandika waya wa 6 kwa umbali huohuo, upotevu unashuka hadi chini ya 0.2. Hilo ni jambo la kufanya, lakini lifanye baada ya kutengeneza viungo, si badala yake.

Katika trela linalopita njia ya Uvinza nina washukiwa wawili. Wa kwanza ni soketi ya aina ya kuwashia sigara. Ncha yake ya katikati inashikwa na springi tu, barabara ya changarawe huitikisa kutwa nzima, na vumbi linapoingia mgusano unabaki wa nukta moja iliyoungua. Ichomoe plagi na uitazame ncha: ikiwa nyeusi au plastiki yake imelainika, itupe yote, ufunge soketi ya kukaza kwa skrubu. Wa pili ni boliti ya ethi kwenye chasisi, ile inayorudisha umeme upande wa hasi wa betri. Aliyelipaka trela rangi upya, kama kuna aliyelipaka, huenda alipaka hadi chini ya washa, kile kipete cha chuma cha boliti. Fungua boliti, kwangua kwa msasa hadi chuma kimeremete, rudisha kwa washa ya meno, kaza sana, ndipo upake grisi kwa juu. Grisi kabla ya kukaza haisaidii.

Ukikata waya ukauona mweusi au una unga wa kijani, endelea kukata kuelekea ndani hadi shaba ing'ae, hata kama itakubidi kuunga kipande. Kichwa cha waya kibanwe kwa koleo la kazi hiyo. Kuzungusha waya kwa vidole na kuufunga utepe hakufai, kwa sababu gundi ya utepe huyeyuka kwa joto la Kigoma, utepe ukateleza, na unyevu ukaingia. Na fyuzi ya waya mkuu iwe karibu kabisa na kichwa chanya cha betri. Ikiungua usiweke kipande cha waya wala karatasi ya sigara: fyuzi iko pale ili waya usishike moto huku wageni wako wamelala.

Kwa betri yako mpya, ikiwa soketi itasoma pungufu ya betri kwa volti 0.3 au chini ya hapo na friji bado inazima kabla ya alfajiri, niandikie tena, tutazungumza juu ya chaji.

Swali: *Ninavuta trela kati ya Kasulu na Kibondo. Nikiwasha indiketa ya kushoto, taa zote za nyuma zinapepesa pamoja, na nikikanyaga breki zinafifia. Balbu zote ni mpya.*

Jibu: Ethi, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye betri. Umeme wa taa moja unapokosa njia ya kurudi hupitia kwenye balbu za taa nyingine kuitafuta, ndiyo maana zote zinashiriki. Katika plagi ya kawaida ya miguu saba waya wa ethi ni mweupe, mguu namba 3. Wa manjano ni indiketa ya kushoto, kijani ya kulia, nyekundu ni breki, kahawia na nyeusi ni taa ndogo za nyuma, ingawa trela lililopita mikononi mwa mafundi wengi huenda lina rangi zake lenyewe. Ili kuthibitisha, unganisha waya mrefu kutoka hasi ya betri ya gari hadi kwenye ethi ya taa za trela. Taa zikitulia, umepata. Usitegemee kichwa cha kuvutia trela kiwe ndicho njia ya ethi, kwa maana kina grisi na hucheza. Litengeneze kabla ya safari nyingine, kwani katika vumbi la kiangazi dereva aliye nyuma yako hana kingine cha kumwongoza ila taa hizo.

Swali: *Mimi ni mfugaji wa nyuki wa Tabora. Wakati wa kurina asali hukaa porini upande wa Sikonge siku kadhaa nikilala kwenye trela lenye paneli ya sola ya wati 100 juu ya paa. Naliegesha chini ya mwembe au mti wowote wenye kivuli ili kukwepa joto. Paneli nikiipima inatoa volti 20, lakini betri haijai na friji haifiki siku ya pili.*

Jibu: Volti 20 bila kuunganishwa na kitu hazisemi kama paneli inafanya kazi. Hata paneli iliyofunikwa nusu na majani yaweza kukuonyesha namba inayokaribia hiyo. Pima ampea zinazoingia kwenye betri saa sita mchana. Paneli ya wati 100 kwenye jua wazi hutoa takriban ampea 5.5, nawe chini ya mti huenda ukaona chini ya 1, kwa sababu seli zake zimeungwa kwa mfululizo na iliyo kivulini huzibana zile zilizo juani.

Lakini tupige hesabu kabla ya kuulaumu mwembe. Jua zuri la muda wa saa tano linakupa kama ampea-saa 27. Friji inayovuta ampea 5 na kuzunguka theluthi moja ya siku inakula kama 40, na kwa joto la Oktoba huzunguka zaidi. Paneli moja haitoshi hata ukiegesha uwanjani. Nakushauri uiache ya juu ya paa, uongeze nyingine ya wati 100 au zaidi ya kusimamisha juani kwa waya mnene, trela libaki kivulini, kwani betri nayo haipendi joto. Zipanguse zote kwa kitambaa chenye maji kila asubuhi, maana utomvu na vumbi hushikamana.

Usitegemee gari kujaza pengo kwa njia ya plagi ya taa. Waya wake ni mwembamba, na volti 14.2 za jenereta ya gari zaweza kufika kwenye betri ya trela zikiwa 13.1, ilhali betri ya asidi huhitaji kama 14.4 kwa saa kadhaa ili ijae. Waya mnene wenye fyuzi zake mbili, moja kila upande, ndio unaofaa.

Angalia pia kwamba chaji kontrola, kile kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri, imepangwa kwa aina ya betri uliyo nayo, na wakati wa kuunga, betri iunganishwe kwanza na paneli baadaye. Wakati wa kufungua, paneli itoke kwanza.