Siku moja Beijing na baridi ya Januari, nitoke au nilale hotelini?

SWALI: Habari zenu. Mwezi wa kwanza nitakua Beijing kikazi na nimebakiwa na siku moja tu ya kutembea. Natamani sana kuliona lile kasri la wafalme wa zamani, Forbidden City, ila kila ninaemuuliza ananitisha na baridi, kuna mwenzangu alikaa nje nusu saa akakimbilia hotelini. Je kuna namna ya kwenda bila kuteseka? Na Ukuta Mkuu naweza kuuchomeka siku hiyohiyo?

JIBU: Nenda ndugu yangu, usilale kabisa! Baridi ipo kweli, Januari usiku inashuka mpaka nyuzi 8 chini ya sifuri na mchana ikipanda sana ni 2 au 3 hivi, lakini kinachomrudisha mtu hotelini mara nyingi ni upepo, sio namba hizo. Upepo unatoka kaskazini huko Mongolia na Siberia, na ni mkavu, yani mdomo unapasuka na ukigusa kitasa cha mlango unapigwa shoti. Sasa kasri lenyewe njia yake ni moja, unaingia lango la kusini unatokea la kaskazini, kwahiyo safari nzima uso wako unautazama huo upepo, na viwanja vya mbele ni vipana, vimetandikwa mawe, hakuna hata mti wa kujificha. Yale majumba makubwa matatu ya katikati pia huingii ndani, unachungulia mlangoni ukiwa umesimama nje. Hapo ndo watu wanapokatia tamaa.

Kwahiyo mimi nakushauri usiwahi alfajiri. Kuanzia Novemba mpaka Machi wanafungua saa 2 na nusu asubuhi na wanafunga saa 10 na nusu jioni, we ingia kama saa 4 hivi jua likiwa limeshapanda. Ukishapita viwanja vya mbele shika upande wa kulia uende kwenye maonyesho ya hazina, unaongeza yuan 10, uko ndani ya kuta na mwili unapumzika. Watu wengi wanapita katikati moja kwa moja wanatoka na kusema wameona mapaa tu, inaniuma sana manake kasri hili lilikamilika 1420, wafalme 24 wa koo za Ming na Qing walikaa humo, na 1925 likawa makumbusho, halafu mtu analimaliza kwa dakika 40 sababu ya masikio kuuma! Vaa kofia inayofunika masikio, basi.

Tiketi ni yuan 40 msimu wa baridi, inauzwa siku 7 kabla na inaisha, na mlangoni wanataka pasipoti yenyewe sio picha yake. Jumatatu wanafunga, angalia sana hapo.

Nguo vaa tabaka tabaka. Koti zito juu ya shati jepesi litakutesa, kwasababu majengo ya Beijing yana hita ya mji mzima kuanzia 15 Novemba mpaka 15 Machi na ukiingia mgahawani unatokwa jasho, ukirudi nje na lile jasho ndo unaganda. Kuna vipakiti vya joto vya kubandika vinauzwa maduka madogo, bandika juu ya nguo, kamwe usibandike kwenye ngozi vinaunguza.

Lingine ambalo watu hawalifikirii ni simu. Betri ikipata baridi kali nguvu yake inashuka, simu inaweza kuzima hata ikiwa inaonyesha 30%, na kule simu ndo pochi yako, ndo ramani, ndo mkalimani wako. Iweke mfuko wa ndani karibu na kifua, toa ukiwa na shida nayo tu, na beba pawabanki. Alipay, ile app ya kulipia kwa simu, iunganishe na kadi yako ya benki kabla hujasafiri, na uwe na noti kidogo.

Ukitoka lango la kaskazini vuka barabara uingie bustani ya Jingshan. Kile kilima ni udongo uliochimbwa kwenye handaki la maji linalozunguka kasri, na kupanda kunakupasha moto haraka. Juu pale unaliona kasri lote chini yako, na upepo ukiwa umefukuza moshi anga inakua bluu kabisa, siku ya joto huipati hiyo. Shuka kabla ya saa 11 jua linazama, tafuta nyama ya kondoo ya kuchovya kwenye chungu cha shaba chenye makaa katikati, kaa hapo mpaka vidole virudi.

Ukuta Mkuu siku hiyohiyo hapana. Mutianyu, sehemu ya huo ukuta, iko kama kilomita 70 kutoka mjini na ni mlimani, ukiunganisha vyote utaviona vyote kupitia dirisha la gari. Chagua kimoja, na kwa hali ya hewa hiyo mimi nachagua kasri.