Dawa ya TDAH haikaushi tezi, inayozilaza ni dexa

Mama, umeuliza kama metilifenideti, dawa ya TDAH anayomeza kijana wako, itamkaushia tezi za adrenali, na kama umpe dexa, yaani vidonge vya deksametazoni, ili mwili umrudie, jinsi jirani alivyokushauri. Nakuomba sana, usimuanzishie dexa. Mimi ilinikuta.

Nilianza metilifenideti nikiwa masomoni Ubelgiji, daktari alipogundua nina TDAH, ile hali ya akili kutotulia mahali pamoja. Kazi yake kubwa iko kwenye ubongo: kemikali ziitwazo dopamini na noradrenalini zinakaa muda mrefu zaidi kati ya seli za neva. Mwili nao unaisikia. Mapigo ya moyo wangu yalitoka 72 yakafika 88 kwa dakika, mdomo ukakauka, njaa ya mchana ikapotea kabisa. Kotizoli, homoni inayotoka kwenye tezi za adrenali, nayo inaweza kupanda kidogo. Lakini zile tezi mbili zilizokaa juu ya figo hazikauki kwa ajili hiyo, na huo "uchovu wa adrenali" unaosemwa mitandaoni, wataalamu wa homoni hawautambui kama ugonjwa.

Nikarudi Bukavu likizo nimekonda. Kwetu mtu akikonda huonekana mgonjwa, na walionipenda wakaingiwa na wasiwasi. Mama mmoja wa sokoni akanihesabia vidonge vya deksametazoni kwenye kipande cha karatasi ya daftari, akasema nimeze 2 kila jioni. Wiki ya 3 mashavu yalishajaa, uso umekuwa duara, watu wananisifu. Nilimeza karibu miezi 2. Vilipoisha sikutafuta vingine. Siku chache baadaye mlima wa Kadutu, ninaoupanda tangu utoto, ulinishinda. Nilikaa kwenye ngazi za watu natapika, kila nikisimama macho yanaingia giza.

Daktari alinipima kotizoli saa 2 asubuhi, wakati inapotakiwa iwe juu. Yangu ilikuwa chini mno. Akanieleza kwamba ubongo ukikuta deksametazoni nyingi kwenye damu, unaona kotizoli imetosha. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, inaacha kuziagiza tezi za adrenali, nazo zinalala. Ukikata ghafla, hakuna wa kuziamsha upesi. Nilipewa haidrokotizoni, dawa inayoshika nafasi ya kotizoli, tukaipunguza polepole kwa miezi 5.

Kijana wako ale vizuri asubuhi kabla ya kumeza, hata bugali na sambaza kama ameamka na hamu, na jioni dawa ikiisha nguvu umwongeze chakula. Mpime uzito na kimo kila mwezi, uandike, maana dawa hii inaweza kupunguza kasi ya kukua, na daktari akiziona namba hizo anaweza kubadilisha dozi.

Ila kama jirani alishampa dexa na zimepita wiki kadhaa, usiikate mwenyewe. Hesabu ni siku ngapi na vidonge vingapi, beba vilivyobaki, umpeleke hospitali kesho asubuhi. Akianza kutapika au kuishiwa nguvu leo usiku, usingoje kuche.