Mtukutu si mwizi

Msomaji anayetafsiri sura ya historia ya Uingereza ya enzi ya Malkia Victoria (1837–1901) anauliza: je, wizi wa watoto wa mitaani wa London unaweza kuitwa "utukutu wa watoto", au aandike "uhalifu wa vijana"?

Ndugu yangu, "utukutu" ufute wote. Neno latokana na kitenzi tukuta, kutotulia. Mtukutu ni yule anayeparamia mwembe wa jirani na kuvunja mtungi wa mama yake, naye akachapwa, akanyamaza, akala chakula cha jioni na wenzake. Sasa mtazame mtoto wa miaka 10 akimnyemelea bwana katikati ya umati wa London, akiuinua upindo wa koti kwa vidole viwili na kuichomoa leso ya hariri bila mwenyewe kuhisi, ili akaiuze apate mkate na pa kulala. Kazi hiyo yataka mkono uliotulia kama wa fundi saa. Mtukutu angenaswa kabla hajaufikia mfuko. Kumwita mtoto huyo mtukutu ni kuificha njaa yake na kumtwika yeye peke yake lawama ya tabia mbaya, na jambo hili limenichosha, kwa kuwa nalisoma kila wiki.

Watu wa zama zile walijua kutenganisha. Mary Carpenter wa Bristol, mwanamke aliyetetea elimu ya watoto maskini, katika kitabu chake cha 1851, aliwaweka mbali watoto waliokuwa ukingoni mwa kupotea na wale waliokwisha kuingia katika uhalifu. Sheria ya 1854 ikaruhusu wahalifu walio chini ya miaka 16 wapelekwe shule za marekebisho kwa miaka 2 hadi 5, baada ya kukaa gerezani siku zisizopungua 14. Ya 1857 ikawaelekeza waliokamatwa kwa uzururaji, wenye miaka 7 hadi 14, katika shule za ufundi. Ya pili ilikuwa kinga, ya kwanza tiba, na "utukutu" unazichanganya zote mbili.

"Vijana" nalivumilia kwa mwenye miaka 15. Lakini sheria ya Uingereza ilimshtaki hata wa miaka 7, na huyo ni mtoto. Andika "uhalifu wa watoto", na shule za 1854 uziite "shule za maadilisho", istilahi ambayo Tanzania inaitumia tayari kwa shule za namna hiyo.